Mama Aliyebuniwa Tanga

Siku hewa ikiwa safi, ukikaa gatini Shimoni ukatazama upande wa magharibi, unaiona milima ya Usambara imejichora kwa mbali. Hiyo ni Tanzania. Ukifuata pwani kushuka, ukapita Vanga na Jimbo, unaishia Tanga. Kwetu Tanga si ng'ambo. Watu wana mashangazi huko, wanaenda harusini na kurudi. Kwa hiyo nilipoisoma Siku Njema ya Ken Walibora, nakala ya dada yangu iliyokwisha poteza jalada, niliisoma kama mtu anayekagua. Nilitaka kujua kama Tanga yake ni Tanga.

Shuleni hatukuisoma. Sisi tulipewa Kidagaa Kimemwozea, ya Walibora huyo huyo, na tuliisoma vile vitabu vya mtihani husomwa: maudhui, wahusika, mbinu za lugha, kwisha. Siku Njema niliipata baada ya kuacha chuo mwaka wa pili na kurudi nyumbani na begi moja na laptopu ya kuazima.

Laptopu ndiyo inayonilisha. Naandikia wanafunzi wa Marekani kazi zao za chuo, mimi niliyeshindwa kumaliza changu. Wanaojua kazi hii wanajua. Kuna binti mmoja alitaka kurasa sita kuhusu namna kifo cha nyanya yake kilivyombadilisha. Nyanya yake! Basi nikambunia nyanya, nikambunia jikoni lenye pazia la maua na keki ya tufaha, nikamuua ukurasa wa nne. Pesa iliingia kwa simu asubuhi. Huyo nyanya sijamkumbuka tena hadi leo ninapoandika haya.

Nalitaja hili mapema kwa sababu waandishi wenzangu wanapenda kusema kwamba kubuni watu na dunia zao kunatajirisha maisha. Wanasema ni tiba, ni mabawa, sijui ni nini. Mimi hubuni watu kila wiki kwa malipo, na naweza kukuambia kwamba wengi wao huondoka bila kuacha hata unyayo. Kwa hiyo swali langu ni jingine: ni mhusika gani humwachia mwandishi kitu?

Turudi kwa Walibora. Alikuwa Mbukusu aliyekulia Cherangany, Trans Nzoia, mahali ambapo bahari ni habari ya redioni. Mwaka 1996 akachapisha riwaya kuhusu kijana wa Tanga, Msanifu Kombo, mtoto wa mwimbaji wa taarabu aitwaye Zainabu Makame. Mama anakufa, mtoto anateseka, kisha anafunga safari kumtafuta baba yake Kenya, na safari hiyo inampeleka hadi Kitale. Angalia ramani hiyo vizuri. Mtu wa upande wa Kitale amejibunia mwanzo wake pwani, halafu akamtembeza mhusika wake nchi nzima kumrudisha nyumbani kwake mwenyewe. Amejipa mama Mswahili.

Na ndiye mama ninayemwamini kuliko mtu mwingine yeyote kitabuni. Kombo mwenyewe, tuseme ukweli, ananichosha. Ni mwema mno, anajua Kiswahili kuliko walimu wake, na kila anapoanguka kuna mtu wa kumwinua aya mbili baadaye. Kombo ni Walibora jinsi alivyotamani kuwa. Anaongea kama Walibora, na karibu kila mtu kitabuni anaongea kama Walibora: methali juu ya methali, hadi muuza duka. Tanga ninayoijua haiongei hivyo. Ukienda Vanga au Wasini utakuta watu wana Kivumba chao, hapa Shimoni kuna Kichifundi, na Kidigo kila mahali, na hakuna anayekusubiri umalize methali.

Lakini Zainabu hakuweza kumfanya awe yeye mwenyewe. Ni mwanamke, ni mwimbaji, ana watu wanaomshangilia ukumbini na kumsengenya barazani. Kumbuni mtu kama huyo ukiwa Cherangany kunakulazimisha kuuliza na kusikiliza. Miaka mingi baadaye Walibora aliandika tawasifu na kuipa jina Nasikia Sauti ya Mama. Sitajifanya najua kilichokuwa moyoni mwake. Alifariki Nairobi Aprili 2020 na hatuwezi kumuuliza. Ila mtu aliyemwanzia riwaya yake mama mwenye sauti, kisha akaja kuandika maisha yake mwenyewe chini ya jina hilo, huyo mama wa kubuni hakumwacha bure.

Abdulrazak Gurnah ana kisa kinachonisaidia hapa. Aliondoka Unguja kijana katika miaka ya 60, akakaa Uingereza, na hakurudi hadi 1984. Amesimulia kwamba alipomwona baba yake, sasa mzee, akitembea kwenda msikitini, alijiuliza ingekuwaje kwa mzee huyo kuwa mtoto wakati Wazungu wanaingia kutawala. Swali hilo ndilo lililozaa Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kama Peponi. Yusuf wa kitabu hicho si baba yake Gurnah. Ni mvulana wa kubuni aliyechukuliwa na mfanyabiashara kwa deni la babake. Lakini ili kumpata Yusuf ilibidi amtazame mzee aliyekuwa akimwona tangu utotoni na amwone kama mtoto. Tuzo ya Nobel ilikuja 2021. Mimi nadhani ile njia ya msikitini ilikuwa imeshamlipa.

Sasa yangu, ambayo haina tuzo. Kila mwandishi wa Shimoni huanzia pangoni, hilo ni kama tohara. Mji wenyewe umepata jina kwa hayo mapango, watalii wanashushwa kuambiwa habari za watumwa, na Roger Whittaker, Mzungu mzaliwa wa Nairobi, aliimba wimbo mzima juu yake. Nami nikaandika mtumwa aliyefungwa mnyororo akingoja jahazi. Kurasa arobaini. Nilipozisoma baada ya mwezi niliona aibu: yule mtumwa alikuwa mimi. Alikuwa analalamika kama mimi, anahisi dunia imemfungia mlango kama mimi, na hata maneno aliyomlaumia mlinzi wake ndiyo niliyotaka kumwambia ofisa mmoja wa karo. Nilikuwa nimechukua mateso ya watu halisi nikayavaa kama shati. Nilifuta yote.

Nikaanza upya na mama karanga. Kama huwajui, hawa ni kina mama wanaonunua samaki ufuoni, wakawakaanga na kuwauza jioni. Nilimchagua kwa uvivu, nikidhani hataniumiza kichwa, maana nimelelewa na mmoja. Ukurasa wa pili nikakwama. Anaamka saa ngapi? Akikosa pesa taslimu mvuvi anamwachia samaki kwa mkopo au la? Mafuta yaleyale anayakaangia mara ngapi kabla hajayamwaga? Mimi nimekula samaki wa mama yangu miaka ishirini na kitu na sikujua jibu hata moja.

Hapo ndipo ilibidi nimuulize. Na lazima ujue kwamba tangu nirudi, mimi na mama tulikuwa tunaongea mambo ya chumvi na maji tu. Habari ya chuo ilikuwa imekaa kati yetu kama mgeni asiyeaga. Nikamwambia, mama, nina stori naandika, nataka kujua kazi yako. Akanitazama kama ninayetaka kukopa.

Alianza na mafuta. Kisha akaingia kwa matajiri, wale wachuuzi wakubwa wenye maboksi ya barafu, wanaochukua samaki wazuri kupeleka mahoteli ya Diani na kuwaachia kina mama wale wadogo. Akaniambia wakati wa kusi bahari inapochafuka kuna siku anakaa ufuoni hadi alasiri na kurudi na karai tupu. Akataja faida ya siku mbaya na ya siku nzuri, bila kuzunguka, kwa sababu alidhani anamzungumzia yule mwanamke wa stori. Nilikuwa naandika nyuma ya daftari. Usiku, peke yangu, nikaanza kugawanya karo ya muhula mmoja kwa faida ya siku moja. Hesabu hiyo sijaiweka kwenye riwaya.

Mhusika wangu hafanani na mama. Ni mfupi, anavuta ugoro, ana mdomo mchafu, na hakuwahi kumsomesha mtu. Nilimfanya hivyo makusudi, kwa kuogopa nisije nikaandika kadi ya siku ya kina mama. Cha ajabu, kadiri anavyotofautiana na mama ndivyo ninavyorudi kuuliza zaidi. Huyu wa kwangu angefanya nini tajiri akimpunja? Mama anacheka, anasema angefanya hivi, kisha ananiambia yeye mwenyewe alifanya nini mwaka fulani, na jina la tajiri, na matusi.

Juzi nimemsomea sura ya tatu, tumekaa nje, umeme umekatika, namulika kwa simu. Mhusika wangu anampa mtoto wa jirani samaki wa bure. Mama akanikatiza.

"Huyo atafilisika kabla ya Ijumaa."

Nikaendelea. Akanikatiza tena. "Umesema ni mwezi gani?"

"Julai."

"Na anakaanga kolekole mkubwa hivyo? Kusi yote hiyo, baba, kamtoa wapi?"

Nimefuta kolekole. Nimeweka tafi wadogo watatu, na mtoto wa jirani nimemwambia arudi kesho.