Hongera Vijana Wanaowachorea Wadogo Zao

Wamunyu, kaunti ya Machakos, imejulikana kwa vinyago tangu Mutisya Munge alipoleta ufundi wa Wamakonde baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapo hapakosekani mkono wa kuchora. Kilichokuwa kigumu ni kuchapisha, na ndiyo maana naipongeza African Storybook. Mradi huo wa shirika la Saide la Afrika Kusini, uliozinduliwa 2014 na kuifikia Kenya mapema, hutoa bure mtandaoni vitabu vya picha, vikiwemo vya Kikamba. Yeyote anaruhusiwa kutunga na kutafsiri, hata mwanafunzi wa sekondari.

Na hao wanafunzi ndio ninaowashangilia hasa, wanapowachorea wadogo zao hadithi zenye watoto walemavu. Mtu mzima akigusa ulemavu huanza kuhubiri. Kijana wa miaka 15 bado anakumbuka nani aliachwa nje ya mchezo. Mpe penseli amchore golikipa kiziwi, na hadithi iwe ya penalti tu. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya na Braille. Ukurasa mmoja wa vidole vinavyosema “njoo tucheze” huifikisha ibara hiyo chekechea. Gharama yake? Karatasi, rangi, na mwalimu asiyependa sana kalamu nyekundu.