Wafuatiliaji wa Milipuko

Kwa mkazi wa Busunzu, wilayani Kibondo, kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta si habari za redioni. Wala kipindupindu.

Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakisubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma, njiani kuelekea Nyarugusu. Kipindupindu kikazuka. Madaktari na wauguzi walitundika dripu. Wataalamu wa epidemiolojia, yaani wafuatiliaji wa milipuko ya magonjwa, walikuwa na kazi isiyopigwa picha: nani kaanza kuharisha, lini, kanywa maji ya wapi, kaongozana na nani? Daftari la majibu hayo ndilo linaloonyesha klorini ipelekwe wapi kwanza. Mwezi uliofuata wakimbizi wa Nyarugusu walipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa.

Wafuatiliaji hawa wanastahili pongezi, na wanastahili ajira.

Tangu 2008 Tanzania ina programu yake ya kuwafunza kazini, pamoja na wenzao wa maabara. Virusi vya Marburg vilipoingia Kagera 2023, kisha Biharamulo, mkoani humohumo, 2025, kufuatilia waliogusana na wagonjwa kulihitaji ujuzi huohuo. Kazi ipo tele. Mishahara ndiyo isiyo na uhakika: nafasi nyingi hutegemea miradi ya wafadhili, na Marekani ilipokata misaada 2025, mikataba mingi ya sekta ya afya ilikatika. Nafasi ya kudumu kila halmashauri, hasa za mpakani kama Kibondo na Kasulu, ingemwezesha kijana aliyesomea fani hii kubaki karibu na zahanati, akisoma takwimu za kila wiki kabla kuhara kwa watoto watatu hakujawa kwa mia tatu.