Penye Maji Sipo Penye Tundu

Gari linalosaga breki lina wema mmoja: linasema. Chuma kikikwaruza chuma, hata muuza mahamri kando ya njia hugeuza shingo. Lakini kelele hiyo nayo hudanganya. Kutu nyembamba iliyoota juu ya diski usiku wa mvua husaga asubuhi, kisha ikanyamaza dereva akishakanyaga breki mara tatu nne. Kijiwe kilichonasa nyuma ya gurudumu hukwaruza karibu sawa na padi iliyolika hadi kibati. Mwenye pupa hununua padi mpya kwa kosa la kijiwe. Kisiwani Manda, jirani na Lamu, magari ni ya kuhesabika, na barabara ya bara hukomea Mokowe, ng'ambo ya maji. Kinachowanyima watu usingizi pale ni chombo kinachovuja, nacho hakipigi kelele. Ndiyo sababu naiona kalafati, yaani kazi ya kuziba mishono ya vyombo vya mbao, kuwa chuo kikubwa kuliko gereji yoyote: humfunza mtu kuitafuta kasoro kabla ya kuigusa.

Methali ya ufa na ukuta imechukulia kwamba ufa unaonekana. Chomboni hauonekani. Maji yakipenya ubao wa juu karibu na gubeti hayasimami hapo. Hufuata mataruma, hutambaa ubavuni na kutulia ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, juu ya mkuku, mahali ambapo huenda ndipo pazima kuliko pote. Kwa hiyo fundi huanza kwa kuuliza kinavuja lini. Kikivuja safarini tu, tanga likishika upepo na chombo kikilala upande mmoja, mshono mbovu uko juu, kwenye ubao unaozama kikilala. Kikivuja hata kimetia nanga, uko chini. Ulimi nao ni chombo cha kazi: maji ya ngamani yasiyo na chumvi ni ya mvua, na hakuna mshono wa kulaumiwa. Mashua iliyovusha mawe ya Maweni, yale matofali ya matumbawe yanayochongwa Manda na kwenda kujenga nyumba za Lamu, haichunguzwi kama ya mvuvi, kwa kuwa uzito huachanisha mbao na pembe ya jiwe lililotupwa ovyo huumiza ubao kwa ndani. Kisha huja bamvua. Maji yakijaa, chombo husogezwa juu ya ufuko. Yakitoka, hubaki kikavu mchangani, kimeegemea gadi pande zote mbili, na fundi ana saa chache tu kabla bahari haijarudi. Hapo mambo hupinduliwa: maji humwagwa ndani, naye huzunguka nje akitazama ni wapi mbao zinatoa jasho. Mchirizi wa kutu chini ya kichwa cha msumari ni ushahidi. Ubao mzima ukigongwa huitika. Uliooza, au ulioliwa na yule funza wa baharini (ambaye kwa kweli ni wa ukoo wa chaza), hutoa sauti ya kibuyu kilicholowa.

Kuziba kwenyewe ni kufupi. Pamba kuukuu hung'olewa, mshono husafishwa na kukaushwa, pamba mpya husokotwa, huloweshwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi butu hadi mlio wa nyundo ubadilike. Chini ya mstari wa maji hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. Ugumu ni kujua wakati wa kuacha. Chombo kilichokaa juani majuma kadhaa huvuja kila mshono siku ya kwanza ya kurudi majini, na asiyekijua huona maangamizi. Mbao zimesinyaa tu. Zikinywa maji zitavimba na kujifunga, na aliyeshindilia pamba kwa nguvu katika mishono mikavu ataziona zikisukumana mpaka misumari ilegee. Ni ile kutu ya asubuhi juu ya diski kwa sura nyingine.

Watasema breki na mishono si vitu vya kujaribia nyumbani, kwa kuwa roho za watu zimo. Kwa upande wa mkono, nakubali: asiyewahi kufungua breki amwachie fundi spana, na ubao wa kubadilishwa usubiri fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo kisiwani Lamu. Lakini fundi hakuwamo garini kelele ilipoanza. Hajui kama husaga breki ikikanyagwa au ikiachiwa, wala kama huzidi mteremkoni. Habari hizo anazo mwenye mali, na asipozikusanya, fundi hodari atakisia kwa fedha ya mwenzake. Wengine watasema boti za faiba zimemaliza hadithi hii. Faiba nayo hupasuka, na maji yaliyoingia katikati ya matabaka yake hujificha vizuri kuliko ya ngamani. Pingamizi linalonisumbua ni la tatu, kwamba kuisifu kalafati ni kuupamba uhaba. Kuna ukweli humo, maana mwenye fedha angenunua mbao mpya. Hata hivyo ubao mpya uliopigiliwa mahali pasipostahili hauzuii tone.

Manda ilikuwa bandari tangu karne ya 9, kama uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick ulivyobainisha, na kwa karne nyingi pwani hii ilisafiri kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Mtepe ulivuja, hilo halikumshtua baharia. Alichohitaji kukijua ni kiasi chake cha kila siku, na kipimo hicho kingali kinatumika: jana ngama ilikauka kwa kuteka upo ishirini za maji, leo ni thelathini na tano, na hakuna mvua iliyonyesha.