Kushika Nia, Kuachia Nia

Katika ufundi wote wa kompyuta, ninaouenzi zaidi ni ule wa kusanifu mawakala: programu zinazokabidhiwa lengo na kuachiwa zitafute njia zenyewe. Mwandishi wa programu ya kawaida hupanga kila hatua. Msanifu wa wakala hupanga namna ya kuamua, kisha huondoa mkono wake. Na katika usanifu huo, kinachonivuta kuliko wingi wa maarifa ya wakala ni kujua kwake lini ashikilie alichoamua na lini akiache.

Mwanafalsafa wa Marekani Michael Bratman, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu nia na mipango, alionyesha kwamba binadamu hana nafasi ya kupima kila jambo upya kila dakika. Ndiyo maana tunatia nia. Aliyeamua kusafiri kesho kwenda Tanga hakeshi akijiuliza kama aende; anafunga mizigo, anatafuta nauli, na mwaliko unaogongana na safari anaukataa bila kusumbuka.

Wahandisi waliichukua hoja hiyo wakaigeuza kuwa programu. Michael Georgeff na wenzake, kwanza California na baadaye Australia, walijenga mawakala wenye imani, yaani wanavyoielewa hali ilivyo; matamanio, yaani wanayotaka yatimie; na nia, yaani waliyojifunga kuyatekeleza. Mawakala wa ukoo huo walijaribiwa katika kutambua hitilafu za chombo cha anga cha Space Shuttle, na katika kupanga zamu za ndege zinazotua Sydney.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Msanifu hana budi kuuliza zaidi: njia ikiziba, nia ishikwe hadi lini? Mwaka 1991 David Kinny na Georgeff walilipima swali hilo katika dunia ya mchezo, uwanja wa miraba ambamo mashimo huzuka na kutoweka, na wakala hupata alama akilifikia shimo kabla halijatoweka. Wakala jasiri aliufuata mpango wake mpaka mwisho ndipo afikiri tena. Mwangalifu alisimama kila hatua kujihoji. Dunia ilipobadilika polepole, jasiri alishinda, kwa kuwa mwenzake alipoteza muda akiwaza yasiyobadilika. Ilipobadilika kwa kasi, mwangalifu alishinda, kwa kuwa jasiri aliyaendea mashimo ambayo hayapo tena.

Naliona jaribio hilo dogo kuwa somo kubwa la ufundi huu. Uthabiti hauwi sifa njema mpaka ulingane na mwendo wa mazingira. Kwa hiyo msanifu hodari huanza kwa kuisoma dunia atakamoishi wakala wake: nini hubadilika humo, kwa kasi gani, na kosa hugharimu nini.

Leo mawakala wanajengwa juu ya modeli kubwa za lugha, wanaandika programu na kupekua nyaraka kwa niaba yetu. Nguvu zao zimeongezeka, na swali la 1991 limezidi uzito, kwani sasa wanagusa kazi na fedha za watu. Wakala wa kuaminiwa ni yule ambaye fundi wake amemfundisha dalili za kusimama, na kati ya dalili hizo, ile ya kumrudia mwenye kazi na kumuuliza kabla ya kuendelea. Fundi anayelifikiria hilo kabla ya lolote anastahili heshima yetu.