Mtu Mzima wa Yohana 9 na Mahubiri Yetu

Mahubiri mengi tuyasikiayo juu ya Yohana sura ya 9 hukimbia kutoka birika la Siloamu hadi upofu wa kiroho wa Mafarisayo, na njiani huuruka mstari wa 21. Hapo wazazi wanakataa kumsemea mwana wao: ametimia umri, aulizwe mwenyewe. Wahubiri wachache wautajao mstari huu huona woga tu. Woga upo, mwinjili mwenyewe ausema katika mstari wa 22. Hata hivyo neno lililotoka katika woga huo ni la kweli, nalo ndilo linalokosekana kanisani tunapozungumza habari za watu wenye usonji.

Sisi husema daima "watoto". Chanzo chake chaeleweka. Leo Kanner, aliyeieleza hali hii huko Marekani mwaka 1943, aliandika juu ya watoto 11. Na huduma tunazojivunia, kama Shule ya Irente Rainbow kule Lushoto, zimeelekezwa kwa watoto. Lakini usonji ni namna ubongo unavyofanya kazi, wala haumwachi mtu akiota ndevu au akiolewa. Donald Triplett, wa kwanza katika maelezo ya Kanner, alifanya kazi benki miaka mingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Je, mwenzake wa milima ya Uluguru yuko wapi? Yumo usharikani, ila kwa majina mengine: mwenye kiburi, asiye na adabu, aliyerogwa. Kwetu utu hupimwa kwa salamu. Kwa Waluguru, wafuatao ukoo wa mama, kijana apitaye pasipo kumsalimu mjomba wake ametenda jambo zito. Tufikiri pia juu ya utani. Mtani afikapo msibani na kumdhihaki marehemu, waombolezaji huangua kicheko. Yule ayapokeaye maneno kama yalivyosemwa hukasirika, kisha huchekwa yeye. (Tena, kutomtazama mkubwa machoni, jambo ambalo madaktari wa Ulaya wamelihesabu kuwa dalili, kwetu ni heshima. Mizani yenyewe yahitaji kuhakikiwa.) Mtu huyo aweza kuikariri Katekisimo Ndogo yote bila kitabu, asiweze kuvumilia spika za usharika wa Morogoro mjini, wala kupeana mikono na watu mia mlangoni baada ya ibada. Mzee wa kanisa ataandika kwamba hahudhurii.

Lipo pingamizi: kipofu aliponywa, ilhali mwenye usonji si mgonjwa angojaye kuponywa. Pingamizi hili ni la haki, na mhubiri atakayeugeuza muujiza huu kuwa ahadi ya kuondoa usonji atamtwika mtu mzigo asiostahili. Tunachokichukua ni mwenendo wa sura yenyewe. Baada ya mstari wa 7 Yesu haonekani tena mpaka wa 35. Katikati anasimama mtu yule peke yake, akirudia jambo lile lile, asijue kupamba maneno, akiwauliza wakubwa swali linalowaudhi. Hatusemi kwamba alikuwa na usonji. Andiko halisemi hivyo. Twasema kwamba aliulizwa, akajibu kwa namna yake, na kwa namna hiyo ya kujibu akafukuzwa.

Mhubiri anayeishia Siloamu hawezi kuyaona hayo. Somo lisomwe hadi mstari wa 35, ambapo Yesu anasikia kwamba wamemtoa nje, naye anamwona.