Thermostati Ile Haikupaswa Kutoka

Toki konveta ya Prado ile ilikuwa nzima. Naliweka hilo mbele kwa sababu bado kuna watu Mtwara wanaosimulia kwamba gia boksi ya A343F imechoka, kwamba lokapu za magari ya 1KZ ndivyo zilivyo, na kwamba mwenye gari la 1997 ajiandae tu kulipa. Kilichokosekana kwenye KZJ95 ile ni thermostati, iliyotolewa kwa mkono, ikawekwa juu ya benchi, isirudishwe.

Mlioliona gari likirudi kutoka Msimbati mnazijua dalili. Kwenye lami, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gia ya nne imeingia lakini mshale wa mizunguko haukai. Unashuka, unatulia kidogo, unapanda tena na mguu haujaongeza mafuta. Lokapu, yaani klachi ya kufunga konveta, inashika, inaachia. Fundi aligusa pedali ya breki kiasi cha taa kuwaka tu, akaangalia kama mizunguko inaruka, na hilo ndilo jaribio lenyewe. Akapima solenoidi ya SL, akapata om 13, akabadilisha haidroliki na chujio. Kazi safi.

Lakini wiki chache kabla ya hapo, palepale gereji, ulishafanyika uamuzi ulioharibu kila kitu. Gari lilichemsha kwenye mchanga wa Ruvula. Mwenye gari aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa: silinda hedi ya 1KZ-TE ni ya aluminiamu na sifa yake ya kupasuka ikizidiwa na joto inajulikana kuanzia Mtwara hadi Arusha. Badala ya kutafuta kwa nini joto limezidi, thermostati ikatolewa, gasketi ikafungwa upya, maji ya bomba yakajazwa, gari likakabidhiwa. Huo ndio uamuzi ninaoulalamikia, na siuoni udogo wake hata kidogo.

Thermostati ya aina hii ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: inazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yafike nyuzi 70 na kitu, kisha inafunguka polepole hadi iwe wazi kabisa kwenye nyuzi 90 hivi. Ya pili ndiyo inayosahauliwa. Chini yake kuna kisahani, na thermostati inapofunguka kisahani hicho kinaziba njia ya pembeni, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi siku zote. Ndani ya mchanga, gia za chini, turbo inavuma, upepo hakuna, sehemu ya maji ya moto inazunguka na kurudi ndani bila kupozwa. Umepunguza nguvu ya kupoza mahali pale pale gari lilipochemsha. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinakataza jambo hili waziwazi: usiitoe thermostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha.

Ukirudi kwenye lami mambo yanageuka. Mzigo mwepesi, upepo mwingi, rejeta iko wazi muda wote, na injini ya dizeli isiyolemewa haitoi joto la kutosha. Maji yanashuka hadi kwenye nyuzi 60 hivi na kuzungukazunguka hapo. Sasa kompyuta inaingia kazini. Inasoma sensa yake ya joto la maji, na maji yakiwa chini ya kiwango kilichowekwa, ambacho kwenye Toyota za kizazi hiki ni nyuzi 60 au 70 kutegemea injini, hairuhusu lokapu. Yakipanda kidogo, inaruhusu. Yakishuka, inaachia. Ndiko kule kucheza kwa mshale tulikokuona wote.

Taa ya O/D OFF haikumweka. Waya wa kusomea hitilafu ukaunganishwa kati ya TE1 na E1, na kodi 64 ya solenoidi ya lokapu haikutoka, wala 42 na 61 za sensa za mwendo. Hazikutoka kwa sababu hakuna kilichoharibika. Sensa ilisema maji ni ya baridi, na kweli yalikuwa ya baridi. Hapo ndipo fundi alipohitimisha kwamba, kwa kuwa umeme ni mzima, ubovu uko ndani ya konveta. Gia boksi ikashushwa, konveta ya mtumba ikaagizwa Dar es Salaam, ikafungwa, na mshale ukaendelea kucheza vilevile. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umelala chini ya katikati siku zote hizo. Kila mtu aliuona, na kila mtu akaufurahia.

Kabla ya kushika spana, sensa ya maji hupimwa kwa mita. Kwenye nyuzi 20 isome kilo-om 2 hadi 3, kwenye nyuzi 80 isome kati ya 0.2 na 0.4. Kipimo hicho, kikichukuliwa mara baada ya gari kurudi kutoka barabarani, kingeonyesha maji hayajafika yanapotakiwa. Na hasara si mshale tu: lokapu isiposhika, haidroliki inaendelea kusukwa ndani ya konveta. Rejeta itaipoza, lakini joto hilo limeshalipiwa kwa dizeli.

Mafundi waliofanya kazi kusini kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 wasingeshusha gia boksi namna hii. Masika ikikata barabara na kivuko cha Rufiji kikisimama, hakuna spea iliyofika, kwa hiyo walipima hadi walipochoka kupima ndipo wakafungua. Thermostati waliichemsha kwenye sufuria wakaitazama ikifunguka. Na HJ61 walizozihudumia, zenye A440F iliyoongozwa na mgandamizo wa haidroliki bila kompyuta, zilibeba samaki na watu kwenye njia mbaya kuliko hizi za leo. Leo spea inafika kwa basi la usiku, na mita inabaki kwenye droo. Haidroliki nayo inauzwa kwa kupimiwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina, na maji ya bomba yanamiminwa kwenye hedi ya aluminiamu mahali pa kulanti. Nimeyapigia kelele haya na nitaendelea.

Thermostati mpya, yenye kisahani cha chini, imeshafungwa. Kwenye lami ya kuelekea Mnivata lokapu inashika na kukaa. Konveta ya zamani irudishwe kwa mwenyewe, ni mali yake. Kilichobaki ni kile kilichopaswa kuangaliwa siku ya kwanza: klachi ya feni inayozunguka kwa ulegevu injini ikiwa ya moto, na rejeta ambayo mapezi yake yameliwa na chumvi ya ufukwe wa Msimbati na kuzibwa na mchanga kuanzia katikati kwenda chini. Itolewe, ioshwe kwa maji baridi kutoka upande wa injini, na mapezi yakianza kupukutika mkononi, inunuliwe nyingine kabla gari halijaingia tena mchangani.