Nyekundu kwa Nje, Nyeupe kwa Ndani

Ukibahatika kupata punje moja ya sami-sami, ushanga mwekundu wa zamani, usiitazame ubavuni. Igeuze uangalie tundu lake. Ukingoni utaona duara mbili: ya ndani nyeupe, nene, ya nje nyekundu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Wekundu wote uliowatoa watu roho kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni utando huo tu. Kioo chekundu kilikuwa ghali kukitengeneza, kwa hiyo fundi alikitumia kwa uchoyo. Lakini uchoyo wake ulikuwa na akili, maana ule weupe wa chini huurudisha mwanga ukapita tena kwenye wekundu, na punje ikawaka. Ingekuwa nyekundu mpaka ndani ingeonekana kama damu iliyoganda.

Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Kaze, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika majina ya utani ya ushanga huu. Mojawapo lilimaanisha kimaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kulala njaa ili aupate. Jingine lilimaanisha kivunja mji, na sababu yake ilikuwa wanawake. Bidhaa gani ya leo imewahi kutangazwa vizuri namna hiyo?

Katika majina hayo yote hakuna linalomtaja aliyeutengeneza. Sehemu kubwa ya shanga za njia ya misafara ilitoka Venice, na hasa kisiwa cha Murano, ambako matanuri ya vioo yalihamishiwa mwaka 1291 kwa kuogopa moto mjini. Ushanga mweupe uliitwa merikani, jina lile lile la kitambaa cha pamba kutoka Marekani, ingawa kioo chake hakikuwa na uhusiano wowote na viwanda vya huko. Jina lilikuwa la biashara. Kazi ilikuwa ya watu wengine kabisa.

Na kazi yenyewe ni ya kustaajabisha. Fundi alichota donge la kioo cheupe kilichoyeyuka, akalitia uwazi katikati, kisha akalichovya kwenye kioo chekundu. Msaidizi akabandika fimbo ya chuma upande wa pili. Hapo watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, walianza kukimbia wakiachana, donge likivutika kati yao kwenye ukumbi mrefu, hata mita 100, mpaka likawa mrija mwembamba. Uzuri ni kwamba kile kilichokuwamo kwenye donge hubaki vile vile kwenye mrija. Tundu halizibi. Nyekundu haiingii kwenye nyeupe. Kila kitu kinapungua kwa pamoja, kwa kiasi kile kile, na wakimbiaji wana muda mfupi tu kabla kioo hakijaganda. Akichelewa mmoja, mrija unakuwa mnene. Akizidisha mbio, unakatika.

Mrija ukipoa hukatwa vipande vidogo vidogo, navyo vina ncha kali. Ili viviringike lazima virudi motoni, lakini moto ungeziba matundu. Basi vilichanganywa kwanza na unga wa chokaa na mkaa, ukajaa ndani ya kila tundu, kisha vikazungushwa kwenye chombo cha moto mpaka ncha zikalainika. Unga ukatolewa, punje zikachekechwa kwa ukubwa, zikang'arishwa kwa kutikiswa na mchanga, halafu na pumba. Mimi huduma ya ule unga ndiyo inayonivutia kuliko zote. Kazi yake ilikuwa kulinda mahali patupu, kisha ukamwagwa.

Baada ya hapo shanga zilitoka kiwandani kwenda vibarazani. Wanawake wa mitaa ya kimaskini ya Venice, kama Castello, walikaa nje ya nyumba zao wakiwa na trei ya mbao mapajani, imejaa punje. Mkononi walishika sindano ndefu nyembamba, hamsini au zaidi, zimetanuliwa kama upepeo. Walizitumbukiza kwenye trei, wakazipitisha, na kila sindano ikatoka na punje zake. Malipo yalipitia kwa mwanamke wa kati, aliyewagawia punje na kukusanya nyuzi. Kiwanda kiliitoa kazi nje hata kabla shanga hazijaona meli.

Zilipofika pwani, kazi ilianza tena. Kwenye msafara ushanga ulihesabiwa kwa khete, yaani uzi wa punje, na khete 10 zilifanya fundo moja, kwa hiyo nyuzi za Venice zilifumuliwa na punje kutungwa upya kwa kipimo cha huku. Ndipo zikawekwa kwenye magunia, zikapanda mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wenyewe. Zililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, zikanunua mtama na pembe za ndovu, na zikanunua watu pia.

Wapiga picha wanaujua mpango huu wa jina kuwa la mmoja na kazi kuwa ya mwingine. Tangu katikati ya miaka ya 2000 lenzi nyingi zenye jina la Zeiss, kampuni ya Ujerumani, zimetengenezwa na Cosina, kampuni ya Nakano, mkoani Nagano, Japani. Mchoro na masharti ya ubora ni ya mwenye jina, mikono ni ya mwingine, na lenzi ni nzuri sana. Sioni aibu yoyote hapo. Ila kwa ushanga najiuliza: mwenye masharti alikuwa nani?

Hakuwa mfanyabiashara wa Unguja. Yeye alibahatisha. Msafiri Henry Stanley alipojiandaa huko kwa safari mwaka 1871 alipata taabu kubwa kujifunza shanga, na mwishowe akanunua aina 11. Unyamwezi walitaka nyekundu. Bubu, ushanga mweusi, ulikuwa pesa Ugogo, na kwingine haukuwa kitu. Sungomaji, zile kubwa kama mayai ya njiwa, zilithaminiwa Ujiji, zikakataliwa penginepo. Merikani ilipokelewa Ufipa, ikadharauliwa Ukonongo. Ramani hiyo ya matakwa haikuandikwa na mtu yeyote wa Venice. Ilishikwa na wanunuzi, na hasa wanawake, ambao kwa kutikisa kichwa tu waliweza kuufanya mzigo wa mtu aliyetembea miezi mitatu usiwe na thamani ya kibaba cha mtama. Kukataa kwao kulirudi pwani pamoja na msafara, kukavuka bahari kwenye barua za maagizo, na kukaamua tanuri lipike rangi gani.

Wasafiri wa Ulaya waliliona jambo hili kuwa utundu wa wanawake. Ni ukaguzi. Jicho linalotofautisha nyekundu mbili zinazokaribiana, likajua ipi itapendeza kwenye ngozi iliyopakwa mafuta na ipi itafifia, limefundishwa kwa miaka, kama mkono wa yule anayejua lini donge limeiva kuvutwa.

Kwa maelezo ya Stanley, Burton na mwenzake Speke walilazimika kutupa mamia ya fundo kwa kukosa mtu wa kuzipokea. Kioo kilikuwa safi, matundu yamenyooka, punje zimeng'arishwa kwa pumba kama inavyotakiwa. Rangi ndiyo iliyokosewa.